Mtwa Sekivanga Amerudi Ilembelo

Makambako,
Jumapili, 16 Juni 2024.

Kwa kaka yangu Enoki,
Manda, Ludewa.

Shikamoo kaka, na kamwene kwa wote hapo ziwani. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Ema na mwanetu Peace, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa Pasaka kiwe kimekuachia. Hapa Makambako mimi sijambo, ila baridi imetushika koo. Juzi asubuhi nimekuta maji ya ndoo ya nje yamefanya ganda la barafu, nikalivunja kwa mwiko. Mama naye ni mzima huko Ilembelo. Nimetoka kwake wiki iliyopita. Bado anachuma chai yake mwenyewe, na ukimwambia apumzike anakuuliza kama umeshamchimbia kaburi. Anakusalimu sana, na anauliza kama dagaa wa usipa wa mwaka huu wamepatikana au mnakula maneno matupu.

Najua utashangaa kupata barua ya mkono wakati simu ziko. Kaka, kuna maneno ambayo mtu akiyasema kwenye simu, mtandao unakatika katikati, na aliyesikia nusu anabaki na hasira nzima. Nimeona niyaandike yote, nimpe dereva wa basi la Ludewa, uyasome ukiwa umekaa. Huenda umeshasikia kwamba nilisimama mkutanoni nyumbani na kusema mengi. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujaamua lolote.

Nianze na furaha. Ile sekondari ya kata tuliyoiomba tangu Baba yuko hai imefunguliwa tarehe kumi na nane mwezi uliopita. Madarasa manane, maabara, na bweni la wasichana. Na kibao cha getini, chenye herufi nyeupe ambazo unaweza kuzisoma ukiwa barabara ya malori ya chai, kimeandikwa: Shule ya Sekondari Mtwa Sekivanga.

Naona jinsi ulivyokunja uso. Mimi na wewe tulikua tukilisikia jina hilo kama tusi. Mtu akiunguza ugali aliambiwa ana mkono wa Sekivanga. Mvua ikichelewa, wazee walisema yule mwanamke amegeuka kaburini. Tuliambiwa alikuwa mchawi aliyekalia kiti cha wanaume, akaleta njaa iliyomaliza watu, Wajerumani wakamkamata, na baada yake mpwa wake, Mtwa Kihwelo, akaja kuinyoosha nchi. Hayo ndiyo tuliyomeza, na mimi niliendelea kuyameza hata baada ya kuwa mwalimu wa historia.

Aliyenitapisha ni bibi mmoja wa hapa Makambako anayeitwa Idda. Ana miaka themanini na sita, anaishi karibu na stesheni ya reli, na kazi yake ni kufuma sweta za wanafunzi. Miaka mitatu iliyopita nilikwenda kumwagizia sweta za darasa langu. Katika mazungumzo akaniuliza nyumbani ni wapi. Nilipotaja Ilembelo, akaweka sindano zake chini, akasema kwamba bibi wa mama yake alikuwa mtwa huko, mtawala kamili na si mke wa mtawala, na kwamba ana wimbo wake ambao hajawahi kumwimbia mtu wa Ilembelo kwa sababu hakuna mtu wa Ilembelo aliyewahi kuuomba. Nikamwomba. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi nikitoka sokoni napita kwake.

Wacha nikusimulie maisha ya mama huyo kama Bibi Idda alivyonisimulia, maana bila hayo hutaelewa yaliyofuata.

Sekivanga alizaliwa binti wa mtwa. Alipokuwa na miaka kama kumi, wavamizi kutoka kusini walishuka asubuhi wakati wanawake wako mashambani, wakaondoka na ng'ombe na watoto. Yeye alikuwa mmoja wao. Alikaa utumwani miaka tisa. Huko huko alizaa mtoto wa kike, na mtoto alipofikisha miezi sita mama akamfunga mgongoni na kutoroka. Alivuka Ruhuhu, mto huo huo unaoingia ziwani hapo kwenu, wakati wa mafuriko, akiwa ameshika mkia wa ng'ombe aliyekuwa anaogelea. Alipofika Ilembelo baba yake hakumtambua. Alimtambua kwa sababu alimtaja mbwa wao wa zamani kwa jina.

Kaka zake wote walikuwa wamekufa vitani. Baba yao alipofariki alibaki mjukuu mmoja wa kiume, Kihwelo, ambaye alikuwa bado ananyonya. Wazee wakabishana siku nne. Mwisho wakakubaliana kwamba Sekivanga ashike kiti mpaka mtoto akue. Walidhani atakuwa kiti chenyewe, nao watakaa juu yake.

Haikuwa hivyo. Amri yake ya kwanza ilikuwa kwamba hakuna binti atakayetolewa tena kulipa kosa la baba yake wala damu iliyomwagwa na kaka yake. Alisema yeye amewahi kuwa mali ya mtu na anajua uzito wake. Kwa amri hiyo moja alipata maadui nusu ya nchi. Kiongozi wa vita akataka kumwoa. Akakataa, akapata adui mwingine. Mwaka wa pili ugonjwa ukaua ng'ombe, watu wakasema ni mguu wa mwanamke. Aliwagawia waliofilisika majembe ya baba yake, akabaki na moja, akalima nalo mwenyewe huku wazee wakiona aibu kupita karibu.

Alitawala hivyo miaka kumi na miwili, kila mwaka na shida yake. Kisha vikaja vita vya Majimaji. Wajumbe walifika na chupa zao, wakamwambia awanyweshe vijana, risasi zitageuka maji. Bibi Idda anasema alionja, akatema, akasema, "Mimi nimevuka mito mingi. Maji yanalowesha tu." Vijana wakamwita mwoga. Zaidi ya mia walikwenda vitani bila ruhusa yake, na waliorudi hawakufika hamsini. Yeye hakuwapigia kelele. Aliwaficha mapangoni, na humo mapangoni alikuwa ameshapeleka vyungu vya mbegu za ulezi vilivyozibwa kwa udongo, kwa sababu alijua nini kinafuata. Kikafuata kweli. Askari walichoma vihenge vyote, vya walioasi na vya wasioasi. Njaa ikaingia. Mahali pengine watu walikula mizizi mpaka ikaisha. Ilembelo walikula mizizi, lakini mvua ilipokuja walikuwa na cha kupanda. Fikiria, kaka: yule tuliyeambiwa alileta njaa ndiye aliyetuachia mbegu.

Askari waliwataka wale vijana waliojificha. Walimtaka awataje. Akahama, naye akajificha pangoni. Hatimaye mtu wake wa ndani akaonyesha alipo. Alifungwa mnyororo, akafa njiani, na ukoo wa Bibi Idda haukujua alizikwa wapi wala kama alizikwa. Binti yake alikimbizwa na wanawake wawili mpaka misheni ya Kikatoliki upande wa kusini, ndiyo maana wao ni Wakatoliki na wako mbali na nyumbani mpaka leo. Kihwelo akawekwa kitini akiwa kijana mdogo, na waliomzunguka wakaona ni rahisi zaidi kutawala wakiitupia njaa mabegani mwa mtu aliyekufa.

Basi, mwezi wa pili mwaka huu, mwenyekiti wetu wa kijiji, Edson, aliitisha mkutano wa kupendekeza jina la shule. Ulifanyika penye banda la kupimia majani ya chai, na watu walijaa mpaka barabarani. Mzee Shedrack, unamkumbuka, mjukuu wa Mtwa Kihwelo, alipendekeza jina la babu yake, akashangiliwa. Mimi nilikuwa nimempakia Bibi Idda kwenye gari la kukodi tangu Makambako, nimemfunika mablanketi mawili. Nikanyoosha mkono, nikamtaja Sekivanga.

Kaka, ulikuwa mcheko. Mtu mmoja akauliza kama chakula cha wanafunzi kitaunguzwa kila siku. Nikasimulia yote niliyokuandikia hapa. Mcheko ukapungua, lakini haukuisha. Bibi Idda akaimba wimbo wake akiwa amekaa, kwa sauti nyembamba kama uzi, na kina mama wazee wawili wakaanza kulia kwa sababu sehemu ya mwisho waliijua. Walikuwa wakiimbiwa na bibi zao bila kuambiwa ni ya nani.

Mzee Shedrack hakunitukana, nimwombee heri kwa hilo. Alisimama akasema kwa upole, "Mwanangu Lidia, wewe ni mwalimu. Unajua historia inataka ushahidi. Wimbo ni wimbo." Watu wakaitikia. Edson akauliza kama nina la kuongeza, akawa tayari anahesabu watu wa kupiga kura. Nikamtazama Bibi Idda. Alikuwa anafunga khanga yake kiunoni, mtu aliyezoea kurudi nyumbani mikono mitupu.

Hapo ndipo nilipofungua mkoba. Nami sasa nafungua moyo kwako.

Unakumbuka daftari la jalada jeusi lililokuwa chini ya sanduku la Baba. Lile alilokuambia kitandani ulichome akishazikwa, wala usimwonyeshe mtu. Siku ya tatu ya msiba ulilitafuta hukuliona. Ukamshuku Sadock, binamu yetu, kwa kuwa ndiye aliyelala chumba kile, ukamwambia maneno mbele ya watu, na kwa miaka sita hamjaongea. Kaka, hakulichukua Sadock. Nililichukua mimi. Nilisikia Baba akikuagiza, nami nilikuwa nje ya mlango na beseni la maji. Sikujua lina nini. Nilijua tu kwamba kitu kinachoogopwa kiasi hicho na mtu anayekufa hakifai kuwa majivu. Nikalificha kwenye gunia la nguo zangu, nikaja nalo Makambako. Na nilipoona Sadock anabebeshwa mzigo wangu, nikanyamaza. Hiyo ndiyo dhambi yangu ya kwanza.

Ya pili ni hii. Nilikaa nalo bila kulifungua mpaka siku Bibi Idda aliponiimbia, ndipo nikalisoma. Ni mkono wa babu yake Baba, yule Enoki wa kwanza uliyerithi jina lake, aliyefundishwa kusoma misheni akiwa kijana. Ameandika kwa Kibena, uzeeni, mwandiko unatetemeka. Mtu wa ndani aliyemwonyesha askari alipo Sekivanga, kaka, ni yeye. Alikuwa na miaka kumi na minane. Alikuwa msomaji wa barua za mtwa, na mtwa alikuwa akimlisha nyumbani kwake. Askari walimwahidi kwamba atahojiwa tu na kurudishwa. Mama yake mwenyewe alikuwa anakufa njaa, nao walimpa gunia la mahindi.

Kwa hiyo Bibi Idda aliponiuliza Jumamosi iliyofuata mimi ni wa ukoo gani, nilimtajia ukoo wa mume wangu, nikauficha wa kwetu. Miaka mitatu nilikunywa chai yake huku namdanganya.

Pale bandani niliwaeleza hayo yote. Nikasema mimi ni kitukuu wa Enoki mwandishi, na huu ndio ushahidi mliouomba. Nikafungua ukurasa, nikasoma Kibena chake kama alivyokiandika. Nakutafsiria kwa Kiswahili ili na wifi aelewe:

"Alitoka mwenyewe pangoni, ili wasiingie kuwatafuta wale vijana. Aliponiona nimesimama na askari hakunitukana. Aliniuliza, Umekula, mwanangu? Siku ya pili, walipopita karibu na Ilembelo, homa ikamwangusha njiani, wakamfungua mnyororo wakamwacha. Nilirudi alfajiri na jembe. Nilimzika juu ya kilima, kichwa kikitazama kwake, nikapanga mawe saba. Kisha nikakiomba kilima kile kiwe changu, watu wakadhani nina tamaa ya ardhi. Nimekilima pande zote ila pale."

Kaka, ile kona ya juu ya shamba letu, kwenye mawe, ambapo Baba hakuturuhusu kuweka hata mche mmoja wa chai, na sisi tukidhani ni ukaidi wake. Ni hapo. Baba alijua. Aliogopa tu kwamba siku jambo likijulikana tutanyang'anywa kilima.

Nilipomaliza nililiinua daftari walione. Kisha Mzee Shedrack akasema karatasi yoyote inaandikika. Kabla sijajibu, mama mmoja mchuma chai, Germana, aliyekuwa amesimama nyuma na kapu lake, akapaza sauti: "Nani anajipaka masizi yeye na babu yake kwa uongo? Apate nini?" Watu wakanguruma. Lakini mimi nilikuwa namtazama Bibi Idda tu. Aliomba nimsomee tena pale mtwa alipouliza. Nikasoma. Akaomba tena. Nikasoma mara ya tatu. Akasimama kwa fimbo yake, akasema, akiwatazama wao na si mimi, "Kwetu tulijua alisalitiwa. Hatukujua kwamba kuna mtu alimzika." Ndipo akanigeukia, akaninyooshea mkono, na nilipoushika hakuuachia mpaka jua lilipogeuka.

Edson akaita kura. Kaka, ungeiona mikono ile! Kama msitu wa mipaina ukichomoza. Kina mama waliinua yote miwili mpaka mwenyekiti akawaambia washushe mmoja. Vijana waliocheka mwanzo walipanda juu ya magunia ili waonekane. Mzee Shedrack alikaa mikono mapajani muda mrefu, kisha akauinua wake, taratibu, akasema kama babu yake aliwekwa kitini na wakubwa ili amsahau shangazi yake, basi yeye anamkumbuka kwa niaba yake. Vigelegele vilisikika mpaka ng'ambo ya bonde; waliokuwa mashambani wakaja mbio wakidhani kuna harusi.

Halmashauri imelipitisha jina. Siku ya ufunguzi Mzee Shedrack mwenyewe ndiye aliyembebea Bibi Idda kiti mpaka mbele. Wasichana sitini wa kidato cha kwanza waliimba ule wimbo wote, mwanzo mpaka mwisho. Mama yetu, ambaye magoti yanamsumbua, alicheza mpaka kilemba kikadondoka, akakiacha chini akaendelea.

Kwa Sadock nimeshakwenda. Nilimkuta kwake, kijijini Yakobi, anapalilia viazi, nikapiga magoti kwenye matuta. Aliniinua, akasema miaka sita amekuwa akijiuliza kama labda kweli alikichukua kitu usingizini. Tulilia, tukacheka. Amenisamehe mimi. Anakungoja wewe.

Na sasa lililobaki ni lako. Ukoo wa Bibi Idda hautaki shamba. Wamesema wenyewe mbele ya mwenyekiti, na Edson ameandika kwenye muhtasari. Wanataka kona ile ya mawe saba tu, na njia ya kuifikia. Niliwaahidi, kaka, bila kukuuliza. Nilifanya vibaya kukutangulia wewe uliye mkubwa wangu, ila nisingeweza kumtazama yule bibi na kumwambia asubiri. Hati ya kimila ya shamba ina majina yetu mawili. Kwenye karatasi ya kuwaachia kona ile sahihi yangu ipo, yako bado. Jumamosi ya tarehe tatu Agosti wataweka jiwe lenye jina, mchungaji wetu na padri wao watakuwepo wote wawili. Nakuomba uje. Kama una hasira, njoo nayo. Utanigombeza nyumbani mbele ya Mama na nitakusikiliza mpaka uchoke. Ila usikae kimya. Kimya kimetula miaka mia na kumi na minane.

Usilionee haya jina lako. Yule Enoki wa kwanza alikosa akiwa kijana, akalilinda kaburi maisha yake yote, akaandika ukweli wakati hakuna aliyemlazimisha. Bibi Idda amesema angependa kumwona huyo mwenye jina, ampime urefu wa mikono, maana Agosti kuna baridi na anataka kukufumia sweta.

Nakomea hapa, mkono umechoka na mshumaa wa Tanesco nao haueleweki leo. Mwambie wifi Ema nimempelekea parachichi kwa dereva huyo huyo, azifunike na gazeti zitaiva pole pole. Peace mwambie shangazi yake anataka aje amwonyeshe shule. Mungu awalinde nyote na ziwa liwe na huruma.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuogopa kidogo,

Lidia.